Zambarau ya Tantini

Mimi nina hasira za karibu, na mashine za watu ndizo zilizonifundisha kuzimeza. Huwezi kuigombeza kompyuta. Nimejaribu. Siku moja pale Kasese, kwenye kibanda changu karibu na stendi, niliitukana moja kwa muda mrefu hadi mama wa duka la jirani akaja kuuliza kama nina mgeni ndani. Kompyuta ilikaa kimya ikizungusha kile kiduara chake, nami nikabaki naona haya mbele ya mama mwenye kilo ya sukari mkononi.

Lakini hakuna mashine zilizoniweka roho juu kama zile za Bwera, kwenye mpaka wa Uganda na Kongo, mwaka ule nilipokuwa natafuta mke.

Mwenye mashine hizo alikuwa mama wa Kikongo, mtu wa Butembo. Alivuka mpaka zamani, mtoto wa marehemu kaka yake akiwa mgongoni, akakaa Bwera, na baada ya miaka mingi ya kuuza vitenge akafungua ofisi ya kutoa mizigo forodhani. Madereva wa malori, maaskari wa mpakani, wauza samaki, wote walimwita Tantini, kama Wakongo wanavyomwita shangazi. Yule mtoto wa mgongoni alikua, akasoma, akawa anakaa kaunta ya ofisi ile akipokea karatasi za madereva. Mimi niliitwa kutengeneza printa. Printa ikapona, nikaugua mimi.

Kwa kuwa Tantini ndiye aliyemlea, baba alikuwa Tantini, mama Tantini, na ukoo mzima ni Tantini. Akikataa, hakuna pa kukata rufaa.

Na sababu za kukataa alikuwa nazo. Baba yangu alitoka Kenya kuja kufanya kazi kwenye kiwanda cha simenti, akaokoka kabla mimi sijazaliwa, na alipookoka aliokoka na nyumba nzima. Ukutani kwetu hapakuwa na picha ya mtu, wala malaika, wala mnyama. Aliwahi kupewa kalenda yenye picha ya twiga. Aliikata ile picha kwa mkasi, akabakiza tarehe. Tantini naye alikuwa Mkatoliki wa misa ya alfajiri, wa rozari kwenye mfuko wa aproni, wa kusimamisha hata lori barabarani kengele ya saa sita ikilia.

Nilipokwenda kujieleza mara ya kwanza nilibeba gunia la mchele wa Mubuku na maneno matamu niliyoyapanga njiani tangu Muhokya. Maneno sikuyatumia. Tantini aliupokea mchele, akanikalisha, akanitazama kutoka viatuni hadi kichwani, akauliza swali moja tu.

“Kwenu, wakati ya Kwaresima, munafunikaka masanamu?”

Nikajibu upesi, kama mtu anayetaka aonekane mkweli: “Kwetu hakuna sanamu za kufunika, Mama.”

Mchumba wangu akaangalia dari. Tantini akasema, “Bon.” Kwa Kifaransa ni “vyema”, na wakati ule nilidhani ni neno zuri.

Kisha akanieleza hali ilivyo. Kwaresima ilikuwa mlangoni, na siku za Kwaresima mutu haamue mambo ya ndoa. Nije Pasaka, na nije na baba yangu. Siku hiyo ataniambia ndiyo ao apana. “Na ikiwa apana,” akasema, “mutoto atarudia Butembo. Kuko ndugu zetu kule benye banamutafutia mutu mukatolika.” Alisema bila ubaya wowote, huku akiufunga vizuri mdomo wa gunia langu la mchele.

Ndipo Jumatano ya Majivu, simu ikalia kibandani kwangu. Kompyuta za ofisi zimechoka, zote kwa pamoja, njoo.

Mtu anaweza kuuliza, kompyuta kuchelewa kidogo asubuhi kuna nini? Chai si inachelewa pia? Lakini ofisi ya Tantini ilikuwa na sheria yake. Madereva wana macho marefu na kaunta ilikuwa fupi, kwa hiyo kila mfanyakazi alikuwa na jina lake na neno lake la siri, na yeyote anayeinuka kitini, hata kama anakwenda kutema mate, lazima atoke kwenye mashine kabisa, akirudi aingie upya. Kutwa nzima watu walikuwa wanatoka na kuingia kama nyuki. Na sasa kila kuingia kulikuwa mateso. Unaandika neno lako la siri, mashine inakuandikia Karibu, halafu inabaki na hiyo Karibu yake, kama mwenyeji aliyesimama mlangoni na hakupishi. Nje malori yamejipanga. Ndani dereva anakutazama, wewe unaitazama mashine, nayo imekunyamazia.

Tantini hakuwa mtu wa kupoteza muda. Siku ileile ya kwanza aliamuru kwamba wakati wa kungoja usali Baba Yetu. Wafanyakazi wakagundua kwamba Baba Yetu moja, isiyokimbizwa, inatosha kabisa: ukifika amina, mashine inafunguka. Ofisi ikawa inanung'unika mchana kutwa. Kuna madereva kutoka Mombasa walioanza kuvua kofia mlangoni.

Mimi nilifungua mkoba wangu nikasema ni virusi. Fundi akisema virusi, watu huheshimu, kwa sababu hakuna anayeweza kuviona. Nikasafisha. Kesho yake, Baba Yetu nzima. Nikasema ni vumbi, nikazifungua mashine zote nikapuliza hadi nikawa mweupe kama wa kwetu kwenye simenti. Baba Yetu nzima. Nikasema watu wamejaza vitu vingi mno usoni mwa kompyuta, nikafuta nyimbo za kwaya, picha za ubatizo, na video ya mbuzi aliyepanda juu ya bodaboda, ambayo nilinuniwa kwayo na ofisi nzima. Baba Yetu nzima, na sasa ikisaliwa kwa kunitazama mimi.

“Weye unasema virusi kila siku,” Tantini akaniambia. “Hiyo virusi haikufaka?”

Maji yalikuwa yamenifika shingoni. Nikachukua mashine moja, ile ya mchumba wangu, nikaenda nayo Kasese. Nikafuta kila kilichokuwemo, nikaweka mfumo mpya kabisa, nikaandika neno la siri: inafunguka kabla sijatoa kidole. Nikaizima, nikaiwasha, nikatoka, nikaingia. Inapaa. Nikairudisha Bwera kifua mbele, nikaifungua mbele ya watu wote na madereva wawili. Walipiga makofi. Tantini mwenyewe alisema mersi. Mchumba wangu akakaa, akaipanga mashine yake kama alivyoizoea, nikapanda gari kurudi nyumbani huku naimba.

Kesho yake asubuhi, simu. Imechoka tena.

“Kasese inakimbia, hapa inatembea,” Tantini alisema nilipofika. “Iko sawa bwana ya mutu. Ku njia mbio, ku nyumba anachoka.”

Ofisi ilicheka. Nilicheka nao, cheko la mtu aliyekanyagwa. Nikasema basi ni umeme, umeme wa Bwera ni mchafu, nikafunga kile kisanduku cha kutuliza umeme. Kikawa kinavuma kama mzinga wa nyuki. Hakikusaidia kitu, ila kilileta joto.

Tena palikuwa na jambo moja lililokuwa likinichoma kuliko yote. Kwenye kona alikaa karani mmoja, mzee wa Kikonzo mwenye miwani ya kamba, Msabato wa damu. Mashine yake haikuwa imechelewa hata siku moja. Ileile aina, ilinunuliwa siku ileile, duka lilelile. Wengine wakiwa kwenye “mkate wetu wa kila siku”, yeye ameshachapa ukurasa.

“Fundi, hapana guza yangu,” aliniambia kila nilipomkaribia. “Hii iko sawa. Sababu ni nini? Jumamosi inapumzika. Hizi zingine nyinyi nachokesha siku ya Bwana.”

“Kwa hiyo Mungu iko Musabato?” Tantini akauliza kutoka ofisini kwake.

“Mimi nasema tu ile naona, Tantini.”

Nilikwenda Jumamosi kuchungulia kama ana siri. Hakuwa na siri. Mashine yake ilikuwa imezimwa, imefunikwa kitambaa, imepumzika.

Siku zikawa zinakwenda. Mchumba wangu akaacha kunitania, na hapo ndipo nilipoogopa. Alinipeleka nyuma ya ofisi, pale wanapokaanga samaki, akaniambia shangazi yake ameanza kusema mambo mezani. Ati fundi anayeshindwa mashine yenye swichi, ataweza nyumba isiyo na swichi? Ati labda ni ishara. “Sitaki kwenda Butembo,” akasema, na machozi yakamlenga. Nami nilimpenda mno siku ile hata nikashindwa kula samaki.

Wiki ya kabla ya Jumapili ya Matawi, Tantini alimwalika padri aje abariki ofisi, maana ufundi ulikuwa umeshindikana. Asubuhi hiyo nilikuwa chini ya meza ya yule Msabato, nimelala chali nabana waya wa mtandao. Nikamwona Tantini, yaani niliona viatu vyake, amekuja kusimama karibu na vya mzee.

“Baba,” akamwambia kwa upole, maana wazee aliwaheshimu, “leo padri anakuja. Hii foto yako, uniifunikie tu kwa leo. Ni Kwaresima.”

Hapa lazima nieleze jambo ambalo nilikuwa nikiliona tangu Jumatano ya Majivu bila kuliona. Kwaresima ikianza, Tantini alifunika. Kanisani wanafunika sanamu siku za mwisho; yeye ofisini kwake alianza siku ya kwanza. Bikira Maria wa ukutani alivikwa kitambaa cha zambarau. Kalenda ya maporomoko ya maji, zambarau. Na kwa kuwa huwezi kuvika kitambaa kioo cha kompyuta halafu ufanye kazi, aliamuru kila mtu aondoe picha iliyoko nyuma ya skrini yake, wajukuu, maua, timu za mpira, aweke rangi tupu ya zambarau mpaka Pasaka. Wote walitii. Msabato peke yake ndiye aliyebaki na picha ya harusi yake, kwa sababu Wasabato hawana Kwaresima. Mimi ile zambarau niliipita kama unavyopita pazia la nyumba ya watu. Ningeulizaje mapazia ya mtu ninayemwomba mtoto?

Basi mzee alikubali, kwa heshima ya mgeni. Nikasikia anabonyezabonyeza. Padri akaingia, mzee akainuka kumwamkia, na kwa sheria ya nyumba akatoka kwenye mashine kwanza. Akarudi kukaa. Padri akamfuata, amesimama na maji ya baraka mkononi. Akaja pia afande mmoja wa mpakani, aliyekuwa na mzigo wa shemeji yake, naye akasimama. Mzee akaandika neno lake la siri.

Kimya.

Nikiwa chini ya meza nilisikia kimya kile, nikakijua. Mzee alikohoa. Padri akaanza kusali, nadhani kwa kukosa la kufanya. Afande akainama akaitazama mashine machoni, akasema, “Wewe. Amka.” Haikuamka. Iliamka walipofika amina, kama zile nyingine zote, na ilipoamka ilikuwa zambarau tupu kutoka kona hadi kona. Niliinuka haraka nikagonga kichwa kwenye meza hata padri akanipa baraka yangu peke yangu.

Kikulacho ki nguoni mwako. Wageni walipoondoka nilimwomba mzee arudishe picha ya harusi, atoke, aingie. Ikaruka. Weka zambarau. Baba Yetu nzima. Rudisha harusi. Ikaruka. Weka zambarau tena.

“Fundi,” mzee akasema, “sasa nachezea bibi yangu.”

Furaha niliyokuwa nayo ilidumu kutoka kwenye ile meza hadi kwa wakaanga samaki. Nilimweleza mchumba wangu mbio mbio: ni zambarau, ni ile rangi, nikiiondoa tu yamekwisha. Yeye hakufurahi. Alinishika mkono, akasema pole pole, kama unavyomwambia mlevi asivuke barabara:

“Utamwambia Tantini kwamba Kwaresima ndiyo inaharibu mashine zake?”

Nikafungua mdomo.

“Utamwambia wewe, mtoto wa Walokole, mliokosa sanamu za kufunika? Na ya Msabato ndiyo nzima? Nenda. Mimi nikafunge nguo za Butembo.”

Nikafunga mdomo. Alikuwa na haki. Hata ningeapa kwa Biblia, Tantini angesema ni Biblia ya kwetu.

Nilirudi Kasese nikakaa kwenye mtandao, nikasoma mpaka macho yakawa mekundu, na kumbe hatukuwa peke yetu. Watu wa nchi za mbali, ambao hawajui hata Bwera ni chakula ama ni mahali, walikuwa wanalia kilio kilekile: mfumo ule wa wakati huo, ukiuwekea rangi tupu badala ya picha, unachelewa kukufungulia. Na sababu yake ilikuwa ya kuchekesha. Mashine inapofungua, inangoja habari kwamba picha imeshatundikwa. Ukiwa umeweka rangi tupu, hakuna picha ya kutundikwa, kwa hiyo hakuna wa kuleta habari. Nayo inangoja tu. Inangoja mpaka uvumilivu unaisha, ndipo inakufungulia. Dawa yake ilikuwa rahisi hata nikataka kulia: tengeneza picha ambayo ndani yake hakuna kitu ila zambarau, uitundike kama picha. Jicho halitajua tofauti. Mashine itajua.

Ijumaa, Tantini alipokuwa kanisani kwenye Njia ya Msalaba, niliingia ofisini, mchumba wangu akilinda mlango. Maneno ya siri ya wote nilikuwa nayo tangu siku za virusi. Nikachora mstatili, nikaujaza zambarau, nikautundika kwenye kila mashine, na ya Tantini pia. Nikatoka, nikaingia. Zote ziliruka. Zambarau ni ileile, Kwaresima iko palepale, na hakuna aliyekosewa heshima. Niliondoka nikiona mimi ni mwanadiplomasia.

Jumatatu hakunipigia simu. Alimtuma dereva wa lori anichukue.

Nilimkuta amekaa mbele ya mashine yake, mikono juu ya mapaja, ofisi nzima imejiinamia kazi kama wanafunzi waliosikia kengele ya mwalimu mkuu. Akaandika neno lake la siri, taratibu, nikiona.

“Baba yetu uliye mbinguni,” akaanza, “jina lako...”

Mashine ikafunguka.

“Umeona?” akasema. “Hainiachi hata nifike ku mukate. Nani alinikatia sala?”

Nikamtazama mchumba wangu. Naye alikuwa anatazama printa, ile iliyotukutanisha, kana kwamba yeye ndiye aliyeileta duniani.

“Mama, mashine imepona.”

“Ninaona imepona. Niko nauliza ilikuwa inagonjwa nini. Siku zote ulisema virusi. Ulisema vumbi. Ulisema umeme. Leo hausemi kitu. Mutu mwenye kusema sana akinyamaza, ameficha.”

Sijui kama ni hasira zangu za karibu au ni uchovu, lakini nikaona heri lawama kuliko uongo, na kama ni Butembo na iwe Butembo. Nikavuta kiti, nikakaa bila kukaribishwa, nikamwambia. Nilimwambia ni zambarau. Nikaona uso wake ukianza kujifunga, na ofisi ikaacha kabisa kujifanya inafanya kazi. Nikaendelea upesi kabla mlango haujafungwa.

“Mama, si kwamba mashine inaikataa zambarau. Mashine iko na desturi yake. Ikiamka, inangoja picha. Mmeifunika picha, nayo haijui kama imefunikwa. Basi inakaa inaingoja. Haiwezi kumfungulia mtu kabla haijaiona, mpaka ichoke ndipo inafungua bila kuiona. Ndiyo hiyo Baba Yetu mliyokuwa mkisali. Ilikuwa inangoja picha iliyofunikwa.”

Tantini akaondoa mikono mapajani, akaiweka juu ya kibodi.

“Inangoja foto yenye tulifunika,” Tantini akarudia.

“Ndiyo, Mama.”

“Haijue iko wapi.”

“Haijui.”

“Lakini inangoja tu.”

“Inangoja tu.”

Akageuka akamtazama Bikira Maria wa ukutani, yaani kitambaa chake. Akatazama kalenda. Kisha akatazama mashine, na nilimwona akiitazama kwa namna ambayo hakuwahi kunitazama mimi, kwa huruma. “Bon,” akasema, na hii ilikuwa bon nyingine kabisa. “Basi sisi wote hapa tulikuwa tunalalamika, madereva banalalamika, fundi anapuliza vumbi. Kumbe mashini ndiyo ilikuwa inashika Kwaresima peke yake.”

Mzee Msabato akakohoa.

“Na weye,” akaniambia, “umeidanganya. Umeipa foto ya kitambaa ikafikiri Pasaka imefika.”

Sikuwa nimewahi kushtakiwa kosa la namna hiyo. Nikasema nisamehe, Mama. Nadhani niliiomba radhi na mashine.

“Rudisha.”

“Nirudishe nini?”

“Rudisha ingoje. Pasaka iko karibu. Tutangoja nayo.”

Ndivyo nilivyokuwa fundi pekee wa wilaya nzima aliyelipwa kutengeneza kompyuta, kisha akalipwa kuziharibu upya. Nilizirudishia zote ile rangi tupu, moja baada ya nyingine, na kila nilipomaliza moja aliketi akaijaribu, akasali hadi amina, akaridhika. Madereva walipokuja kunung'unika aliwaambia mashine ziko kwenye mafungo. Yule afande aliporudi na mzigo mwingine wa shemeji yake, alivua kofia mwenyewe akaanza kusali bila kuambiwa.

Kuhusu mimi hakusema neno. Nilirudi Kasese bila kujua nimeposa au nimefukuzwa, na mchumba wangu naye kwenye simu alisema hajui, Tantini anaimba tu jikoni.

Jumatatu ya Pasaka nilikwenda na Baba. Alivaa koti lake la ibada, akabeba Biblia kwapani, na njia nzima hakusema chochote ila kwamba Mungu ndiye mpaji. Nilikuwa nimemsihi asihubiri. Nilitegemea tutapelekwa nyumbani; Tantini akatupeleka ofisini. Ukutani Bikira Maria alikuwa wazi, rangi zake kama mpya, na Baba akachagua kutazama dirisha. Mchumba wangu alikuwa amesimama kwenye kaunta yake, amevaa kitenge kipya.

Tantini alikaa mbele ya mashine yake. Hakutukaribisha viti. Akaandika neno la siri, na kwa mazoea ya siku zote zile mdomo wake ukaanza wenyewe: “Baba yetu uliye mbinguni...” Na baba yangu, ambaye sala yoyote ikianza hawezi kuiacha njiani, akafumba macho akaidaka. Wakaisali pamoja, Mkatoliki na Mlokole. Mashine ilifunguka mwanzoni kabisa, lakini hawakuiangalia. Walikwenda hadi amina.

Kisha Baba akafumbua macho, akaona picha.

Ilikuwa imejaa kioo kizima. Tantini aliipiga kwa simu yake siku moja kabla ya Kwaresima, bila sisi kujua. Mchumba wangu yuko kwenye kaunta, ameinama, anacheka mpaka meno yote yanaonekana. Anamcheka mtu aliye chini ya meza. Mtu huyo haonekani, isipokuwa suruali na soli za viatu, moja imetoboka.

“Huyu ni nani?” Baba akauliza.

“Mutoto yako,” Tantini akasema. “Na wangu. Niliwafunika Kwaresima yote. Ndiyo jibu hiyo.”

Nilishika meza, meza ileile iliyonigonga kichwa. Mchumba wangu alikuwa analia na kucheka kama kwenye picha, na nilitaka kumwendea lakini kulikuwa na wazazi wawili na kaunta katikati.

Baba hakuondoa macho kwenye kioo. Alisogea akainama, akaweka miwani, akatazama zile soli, kisha akamtazama binti, muda mrefu. Nilijua anachokifikiria, nikamkumbuka twiga.

“Mama,” akasema mwishowe, na sauti yake ilikuwa ndogo. “Hii inaweza kutoka kwenye karatasi? Kwangu ukutani kuna nafasi.”

Tantini akamgeukia. Akamtazama kutoka viatuni hadi kichwani, kama alivyonitazama mimi siku ya mchele.

“Na kwenu,” akauliza, “wakati ya Kwaresima, mutaifunika?”

Baba akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti.

“Tutaifunika, Mama.”